Msahihishaji Anaandika Habari za Solveig

Nimesahihisha habari za watu miaka thelathini na mmoja,
nukta, herufi kubwa, majina ya marehemu;
leo naandika yangu, na hakuna wa kunitazamia makosa.

Babu yake, Anders Aamodt, alinunua mtambo
kwa fedha ya mbao na deni la benki,
akausimika kando ya ziwa, huku Minnesota,
mahali ambapo wino huganda mwezi wa kwanza
mpaka uupashe moto kama uji wa mtoto.
Akatoa sheria moja tu, akaibandika mlangoni:
aliyekamatwa na polisi, awaye yote, ukurasa wa tatu.

Leif mwanawe akarithi mtambo, deni na sheria.
Naye akazaa wawili.
Roald aliahidiwa kiti cha kuzunguka.
Solveig alipewa kamba.
Saa kumi alfajiri, umri miaka kumi na miwili, glavu zimetoboka,
anafunga mabunda, hamsini hamsini,
na wachapaji wanamtania: "Binti tajiri, kaza!"
Alikaza.

Kisha matangazo madogomadogo
(paka amepotea, jokofu linauzwa,
chumba kwa mseja asiyevuta sigara),
kisha usambazaji, kisha hesabu,
ambako aligundua kwamba faida ya gazeti zima
ilikuwa imelala kwenye ukurasa wa tanzia
na kwa muuza matrekta mmoja.
Roald alikuwa mlimani na skii zake.

Alipofika thelathini na minane wakampa ofisi ya kioo,
cheo kirefu, mshahara mfupi.
Wiki ya tatu Roald, kalewa chakari,
akapanda na gari ngazi za maktaba.
Mimi ndiye niliyeletewa ile habari, mistari minne.
Nikampelekea. Nikasema, bibie, hii tunaifanyaje?
Akaisoma, akachukua kalamu yangu nyekundu.
"Umri umekosewa," akasema. "Ana arobaini na mmoja."
Ukurasa wa tatu.

Msema kweli hana wajoli:
Krismasi ile babake alimpitishia bakuli la viazi
huku akitazama dirisha.

Sitaki kumpamba. Ni yeye pia aliyepunguza kurasa,
ishirini na nne, kumi na sita, nane,
matangazo yakihamia kwenye simu za watu
kama panya waliosikia kitu.
Ni yeye aliyeniletea barua yangu, kwa mkono wake,
akasimama mpaka nikaimaliza.
Nikamwambia kuna koma imezidi.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Kucha zake zilikuwa nyeusi. Na mimi nilidhani
ana miaka kumi hajaugusa mtambo.

Mwaka uliofuata akawauzia watu wa Dallas
ambao hawajawahi kuliona ziwa letu.
Mtambo ukang'olewa, ukapimwa kwa kilo.
Wapo wasemao aliuza urithi; mji huu kila mtu hakimu.
Mimi najua kwamba alilipa pensheni zetu kwanza,
zile alizokuta Leif amezichota kimyakimya.
Hilo hakulichapa.
Nilimuuliza. "Hakukamatwa," akasema,
akaangalia kiatu chake muda mrefu.

Jumapili iliyopita alibisha hodi, theluji mabegani,
karatasi moja mkononi: tanzia yake mwenyewe.
"Isahihishe. Vijana wa Dallas hawawezi kuandika Aamodt."
Nikaisoma kwa rula, mstari kwa mstari, kama zamani.
Nikafuta neno "mashuhuri". Hakubisha.
Nikaongeza kamba na mabunda; akavifuta, nikavirudisha,
chai ikapoa.
Tarehe tumeiacha wazi.
Na malipo, akasisitiza akivaa buti,
ni kwa mstari,
bei ileile ya kila mtu.